Kiti cha Asiyekuwepo

Kiti chenyewe alikitengeneza yeye kwa mikono yake, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Kingekuwa kiti cha kununua dukani, Mama Makochi angesema kimekuja na mambo yake huko kilikotoka, basi, kikatupwe. Lakini kile alikipiga misumari yeye, akakikaza mikanda yeye, akakijaza sponji na kukivisha kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye kochi la mteja mmoja msumbufu asiyejua anataka rangi gani. Alikijua ndani na nje. Hakikuwa na kitu zaidi ya mbao, mikanda, sponji na gundi.

Kamati ya Nishati Safi ya Mji ilikuwa na watu wanne tu, wote wa kujitolea, maana yake wote waligombana na watu wa nyumbani kwao kila Jumamosi alasiri. Mwenyekiti alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mzungumzaji wa polepole kama mtu anayeweka bikoni ya mpaka mwisho wa kila sentensi. Walimwita Mzee Mpimaji. Katibu alikuwa binti mwenye duka la dawa, Mfamasia, mkali wa macho na mwenye mwandiko safi. Fundi umeme walimwita Shoti, kwa sababu siku ya kwanza ya kufunga paneli za jua juu ya paa la ukumbi alichanganya nyaya, cheche zikaruka, na mtaa mzima ukanuka plastiki iliyoungua. Jina likamganda na yeye akalikubali, angefanya nini? Wa nne alikuwa Mama Makochi, mwenye karakana ya makochi na magodoro mkabala na ukumbi, na yeye ndiye aliyetunza ufunguo.

Yeye aliingia kwenye kamati kwa ajili ya mumewe, na hakumficha mtu. Mumewe alikuwa dereva wa lori ujana wake wote, akala vumbi na moshi hadi mapafu yakachoka. Sasa aliishi na mashine ya hewa, sanduku jeupe linalonguruma kando yake na mpira mwembamba unaoingia puani. Umeme ukikatika mashine inanyamaza. Inabaki mitungi midogo ya akiba, na mitungi ikiisha unabaki mkono wa mkewe unaopepea kipande cha boksi, jambo ambalo halisaidii chochote, ila mkono nao hauwezi kukaa bure mtu akihangaika namna ile.

Na umeme wa mji ule ulikuwa wa kubahatisha. Ndiyo maana kamati ilifunga paneli na betri za pamoja, zikalisha nyumba za mtaa na zahanati. Mwanzoni watu walishangilia, wakasahau hata mishumaa inauzwa wapi. Lakini betri zilikuwa zimezeeka. Mchana kutwa kwenye jua mambo yalikuwa shwari, na usiku zikakata roho kabla ya mapambazuko, saa zile ambazo kifua cha mgonjwa kinabana kuliko saa zote. Mama Makochi alikuwa hajalala usingizi wa kueleweka kwa muda mrefu.

Sasa, habari ya kile kiti. Siku kamati inaundwa, Mzee Mpimaji alikuja na wazo lake. Alisema maisha yake yote amepima ardhi ya watu ambao siku ya kupimwa hawakuwepo, na ni hao hao waliodhulumiwa kila mara.

"Sisi tutaamua habari za ardhi na maji yatakayotumiwa na watu tusiowaona," alisema. "Wengine hata hawajazaliwa. Hao nao wapewe kiti."

Shoti alicheka mpaka akajishika mbavu. "Na chai je, Mzee? Wasiokuwepo wanakunywa chai?"

"Watamiminiwa," alijibu Mzee Mpimaji, na wala hakutabasamu.

Basi ikawa ndio utaratibu. Kiti cha kahawia kikawekwa upande wa dirisha. Mkutano ukifunguliwa, Mzee Mpimaji anakigeukia na kusema, "Karibu, ndugu, jisikie uko nyumbani." Kikombe cha chai kinawekwa mbele yake. Mfamasia akisoma yaliyoamuliwa, anakisomea kiti kwanza. Na likija jambo zito, mmoja wao kwa zamu huhamia pale, akaanza kwa maneno yale yale: "Mimi nisiyekuwepo hapa nasema." Baada ya hapo anamsemea asiyekuwepo kwa uaminifu wake wote. Kiti kikikataa, jambo limekufa, hata kama wote wanalitaka. Walijivunia sana utaratibu huo. Kamati nyingine zote mjini zilikuwa na mihuri na posho, wao walikuwa na kiti.

Hebu fikiria lakini. Watu wazima, wenye akili timamu, kila Jumamosi wanakikaribisha kiti. Wanakimiminia chai, wanakisomea mambo, wakichelewa wanakiomba radhi. Ukimwita mtu hivyo wiki nenda wiki rudi, kwa adabu zote hizo, huna sababu ya kushangaa akija.

Jumamosi moja Mama Makochi alifungua ukumbi peke yake, jua likiwa bado kali, akaona sponji ya kile kiti imebonyea. Alisimama akiitazama. Yeye sponji zake anazijua. Mtu mzima akikaa, inabonyea katikati na nyuma. Kile kibonyeo kilikuwa kidogo, kiko mbele kabisa, ukingoni, pale anapokaa mtoto ambaye miguu yake haifiki chini. Ufunguo alikuwa nao yeye tangu wiki iliyopita. Aliweka kiganja pale, akakiondoa haraka, maana kitambaa kilikuwa na joto, na dirisha la upande ule halipati jua mpaka jioni.

"Ala!" alisema kwa sauti, ili asikie sauti ya mtu. Akaipigapiga sponji ikanyanyuka, akaenda kuchemsha maji ya chai. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani, na ungeanzia wapi?

Siku hiyo hiyo Shoti aliingia akiwa na habari njema, meno yote thelathini na mawili nje. Kampuni moja ya mji mkubwa inabadilisha betri zake, na zile za zamani, kubwa, zenye nguvu bado, iko tayari kuwapa bure. Lori zima. Zitawasha mtaa kucha, usiku mpaka asubuhi, na zahanati juu yake.

"Bure?" aliuliza Mfamasia, akikunja uso. "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Ila zikifa hawazichukui tena. Zinabaki huku huku."

"Huku wapi?"

Shoti alikuna kichwa. Kulikuwa na mahali pamoja tu, na wote walipajua: lile bonde nyuma ya ghala la zamani. Chini ya bonde kulikuwa na chemchemi, na nusu ya mji ilichota maji pale.

"Betri hizo ni risasi na tindikali," alisema Mfamasia. "Si maganda ya ndizi."

"Tutachimba shimo, tutalizungushia zege. Mnanionaje jamani, mimi mwuaji?"

"Zege linapasuka," alisema Mzee Mpimaji taratibu. "Si leo, si kesho. Lakini linapasuka."

Mama Makochi hakusikia habari ya zege. Alikuwa amebaki palepale kwenye neno kucha. Usiku mpaka asubuhi. Mashine inanguruma, yeye amelala ubavuni mwa mumewe, hakuna boksi mkononi.

Ilikuwa zamu ya Shoti kukalia kiti. Alijitupa pale kwa mbwembwe zake, kikombe mkononi, na kila mtu alijua atakachosema. Alikuwa na maneno yake tayari, ya watoto wanaosoma kwenye taa na akina mama wanaojifungua kwenye mwanga.

"Mimi nisiyekuwepo hapa nasema," alianza, kisha sauti ikamshuka, ikawa nyembamba, ndogo, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Maji ya chemchemi yana ladha ya msumari. Nikiyanywa tumbo linauma. Nikiacha kuyanywa, kuna maji gani mengine?"

Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni, magurudumu yanalia. Shoti alikunywa chai yake, akawaangalia mmoja mmoja.

"Basi ndiyo hivyo," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Nimesema tuzichukue, au siyo? Mbona mnanikodolea macho?"

Walipomweleza alichosema, alidhani wanamfanyia mzaha. Alipoona hawacheki, rangi ilimpotea usoni, na siku hiyo aliondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kamati iundwe. Mzee Mpimaji alisema wote wamechoka, jambo lenyewe zito, litarudiwa wiki ijayo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Mfamasia. Yule binti alikaa amenyooka, mikono magotini, amekaza taya kama anayesubiri sindano.

"Mimi nisiyekuwepo hapa nasema," alisema, na ile sauti nyembamba ikaja tena, safari hii bila kusitasita. "Darasani sishiki kitu. Jana nilijua, leo sijui, na mwalimu anadhani mimi mvivu. Ufizi wangu una mstari wa bluu. Nimekaa kwenye kiti changu cha kijani, kile alichonitengenezea Bibi, chenye mguu uliounganishwa. Nasubiri tumbo linyamaze."

Mama Makochi alikosea kuweka kikombe, chai ikamwagika mezani. Ile habari ya ufizi, dalili ya sumu ya risasi, Mfamasia angeweza kuijua, amesomea dawa. Lakini kiti cha kijani hakuna aliyekijua. Kilikuwa nyuma ya magunia ya pamba kwenye karakana yake, kimefunikwa turubai. Kiti kidogo cha mtoto, na mguu wake mmoja ulipasuka wakati anaupigia msumari, juzi tu, akauunganisha kwa gundi na kuufunga kamba. Alikuwa akimtengenezea mjukuu. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, mimba changa bado, na waliojua ni watatu tu, binti mwenyewe na wazazi wake. Na hata hao wengine wawili hawakujua habari ya kiti. Alitaka kuwashtukiza.

"Mama, vipi, hujisikii vizuri?" Mfamasia alimwuliza. Alikuwa amesharudia sauti yake ya kawaida.

"Joto," alisema Mama Makochi. "Joto tu, mwanangu."

Mzee Mpimaji alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. Alisema yeye haelewi kinachotokea, na hatajifanya anaelewa. Lakini kampuni inataka jibu, na kiti hakijasema ndiyo wala hapana. Wiki ijayo ni uamuzi, na atakayekaa kwenye kiti ni Mama Makochi, kwa zamu.

Nyumbani, mumewe alikuwa kwenye kochi lake la magurudumu. Hilo nalo alilitengeneza mkewe, kochi la mtu mmoja lenye mgongo wa kulaza, chini kalifunga magurudumu ya kitoroli cha zamani cha hospitali, ili aweze kumsukuma kutoka chumbani mpaka barazani akapunge upepo. Na palikuwa na jiwe. Jiwe jeusi, zito, lililolika upande mmoja kwa kusagwa na tairi. Lori liliuzwa zamani, lakini jiwe mumewe alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyerudi na nishani. Safarini, lori likisimama mlimani, utingo wake huruka chini kabla ya wote na kulitia jiwe nyuma ya gurudumu. Bila hivyo dereva hashuki wala halali. Sasa utingo alikuwa mkewe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo, na walikuwa hawaitani hivyo mbele za watu, maana mambo mengine ni ya chumbani.

"Utingo, weka jiwe!" aliamrisha kila alipofikishwa barazani, kwa kile kisauti kilichobaki.

"Jiwe tayari, dereva!" alijibu mkewe, akalisukumia kwa mguu nyuma ya gurudumu. Hapo ndipo yule bwana alipofumba macho akapumzika.

Jioni hiyo alimwambia habari ya betri. Habari ya sauti hakumwambia. Dereva alisikiliza, akivuta pumzi zake fupifupi.

"Mpaka asubuhi?" aliuliza.

"Mpaka asubuhi."

"Basi nitamwona mjukuu." Alitabasamu, na ule mwanya wa meno ya mbele ukaonekana, ule uliomponza mkewe tangu usichana. "Nataka nimwone tu, utingo. Mara moja. Nikishamwona, mnifanye mnavyotaka, mkitaka mniuze kwa vyuma chakavu."

"Nani atakununua wewe, umejaa kutu," alisema mkewe, wakacheka wote, yeye mpaka akakohoa. Kisha Mama Makochi akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa, akalia kwa uchungu huku bomba limefunguliwa ili maji yafunike kilio.

Wiki nzima alizozana na nafsi yake. Alipokuwa akishona foronya, alizozana. Alipokuwa akimtia mumewe mpira puani, alizozana. Alilifunua lile turubai akakitazama kiti cha kijani, akakifunika. Yule mtoto hajazaliwa, alijiambia. Huyu yupo. Ana mikono, ana kifua kinachopanda na kushuka, na kikikwama mimi ndiye ninayekiona. Zege huenda lisipasuke. Chemchemi huenda ikakauka kabla. Huenda, huenda, huenda. Mpaka Ijumaa akawa amepiga moyo konde. Atakaa kwenye kile kiti, atauma meno, na mtoto huyo akijaribu kupita kinywani mwake hatampisha. Atasema nakubali, neno moja, na kutoka. Asiyekuwepo atasubiri.

Aliona aibu, tena sana. Lakini aibu haikumbadilisha.

Jumamosi alikuwa amechelewa. Binti yake alikuwa uani anaanika nguo. Dereva alikuwa sebuleni, kwenye kochi lake, mashine inanguruma vizuri, jua la nguvu, umeme tele.

"Utingo," aliita, mkewe akiwa ameshashika kitasa. "Jiwe."

"Nitaliweka nikirudi, mume wangu, wananisubiri. Sakafu tambarare hiyo, utaserereka uende wapi?"

"Haya," alisema. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Ila usisahau."

Ukumbini wenzake walikuwa wamekwishakaa. Chai ilikuwa imemiminwa, vikombe vinne na kile cha tano. Mzee Mpimaji alifungua mkutano, akakigeukia kiti, lakini safari hii "karibu" yake ilitoka kwa shida, kama mtu anayemkaribisha mdai. Kisha akamgeukia Mama Makochi.

"Dada yangu," alisema, "wote tunajua hali ya mzee wako. Betri hizi kwako ni uhai. Ukiona zamu hii ni nzito, niachie mimi. Hakuna atakayekulaumu."

"Zamu ni zamu," alisema Mama Makochi. "Au utaratibu umebadilika?"

"Haujabadilika."

"Basi."

Alisimama, akavuka chumba. Karibu na kiti alisita. Sponji ilikuwa imebonyea, lakini hakikuwa kile kibonyeo kidogo cha ukingoni. Kilikuwa kikubwa, kirefu, cha mtu mzima aliyekaa kwa uzito wake wote, kimeegemea upande wa kushoto. Aliwahi kuona wapi kibonyeo cha namna ile, cha mtu anayelalia nyonga ya kushoto kwa sababu ile ya kulia iliharibika kwa miaka ya kukanyaga pedali? Jibu lilikuwa pale pale karibu, na hakulitaka. Alikaa haraka. Joto lilimpanda mgongoni, si joto baya, joto la kitanda ambacho mwenzako ametoka sasa hivi.

Aliuma meno, akamsubiri mtoto. Mtoto hakuja. Hakukuwa na ile sauti nyembamba, hakukuwa na msumari wala tumbo. Kimya kitupu. Loo, alishukuru mwenyewe moyoni. Alifungua kinywa aseme neno lake moja.

"Mimi nisiyekuwepo hapa nasema," alisema.

Na kinywa kikamponyoka. Shoti alisimulia baadaye kwamba alimwona Mama Makochi analegeza mdomo upande mmoja, anavuta pumzi fupifupi, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya mwanamume.

"Utingo," ilisema. "Nimemwona. Mtoto wa kike. Ana mwanya wangu, masikini. Alikuwa amekaa hapa, akanipisha kiti, ana adabu huyo, hakuipata kwangu. Betri hizo hapana. Nimebeba mizigo ya kila aina barabarani, sikuwahi kuimwaga juu ya mtoto. Usizichukue kwa ajili yangu, mimi sizihitaji tena."

Ikanyamaza, kama inatafuta hewa. Halafu ikasema taratibu, bila kuhema hata kidogo, "Gari limesimama. Weka jiwe."

Kikombe cha tano kilikuwa mbele yake. Mama Makochi alikiona kinafuka mvuke, akaona mikono yake mwenyewe imekishika pande zote mbili, jinsi mumewe anavyokishika. Alivitoa vidole kimoja kimoja.

"Mama," Shoti alinong'ona, "utingo ni nani?"

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyesogea. Mfamasia alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Safari hii hapakuwa na haja ya kumweleza Mama Makochi alichosema. Alikuwa amesikia kila neno, na alijua kiti kile ni cha nani. Walikiweka wenyewe, wakakipa sheria wenyewe. Ni cha mtu asiyekuwepo.

Mzee Mpimaji aliinuka, mrefu, mikono ikining'inia ovyo. "Kiti kimekataa," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na lazima mtu aseme. Kisha akasema, "Dada yangu, nikusindikize?"

"Hapana. Hakuna haraka."

Alitembea. Hakukimbia, maana angekimbilia nini? Jua lilikuwa kali mno, paneli juu ya mapaa zinawaka mpaka macho yanauma, na redio za watu zinaimba kwenye kila dirisha. Umeme haukukatika mchana ule hata dakika moja. Mashine ya hewa aliisikia tangu getini, inanguruma vizuri kama alivyoiacha. Hilo ndilo lililomkata maini. Wiki nzima alikuwa anamwuza yule mtoto ili anunue usiku, na mumewe ameondoka mchana kweupe, umeme tele, mashine nzima.

Binti yake alikuwa barazani anakunja nguo zilizokwishakauka.

"Mama, mbona mapema? Polepole, Baba amelala. Sasa hivi tu nilikuwa namwekea mto."

"Najua, mwanangu. Kaa hapo hapo kwanza. Usiingie mpaka nikuite."

Ndani, Dereva alikuwa amelalia nyonga ya kushoto, mto chini ya kichwa. Mpira ulikuwa puani, na hewa ilikuwa inatoka, safi, ya kutosha, inampulizia mtu ambaye hana haja nayo tena. Uso ulikuwa umetulia. Mdomo ulikuwa wazi kidogo na ule mwanya unaonekana, na huwezi kumwambia Mama Makochi kwamba hakuwa akitabasamu.

Alitaka kupiga yowe, na yowe lilikuwepo, limejaa kifuani. Lakini kulikuwa na kazi moja kwanza. Alikwenda mlangoni, akainama, akalibeba lile jiwe kwa mikono miwili, maana halikuwa jiwe la kusukumwa kwa mguu siku hiyo. Akapiga magoti, akalitia nyuma ya gurudumu, akalikaza mpaka kochi halitikisiki.

"Jiwe tayari, dereva," alisema.

Akauvuta ule mpira taratibu, akazima mashine, akamwita binti yake aingie.